Mume Wangu Amelala, na Mume Wangu Anabisha

Nikisimulia haya kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani, wapo wanaoangalia chini ili nisione wanacheka. Wacha wacheke. Mimi sikuhadithiwa na mtu, na sikuwa na homa. Nilisimama hatua chache kutoka kwa yule mtu, mwezi ukiwa mweupe juu ya miwa, nikamsalimia nikijua ni mume wangu. Mniamini au msiniamini, Kweyu yuko hai leo, na ni mimi niliyemweka hai. Sitajifanya mnyenyekevu kuhusu hilo.

Tunaishi Musanda, kwenye boma alilozaliwa Kweyu. Nyumba yetu iko upande wa juu, ya mama yake iko upande wa chini, na miwa imetuzunguka pande tatu. Kweyu ni dereva wa trekta, anavuta matrela ya miwa kupeleka kiwandani. Ni mtu mkubwa, shingo nene, sauti nene. Akilala alikuwa anakoroma mpaka wageni wetu asubuhi wananiuliza kama trekta ililala ndani ya nyumba. Mwanzoni nilikuwa nacheka nao. Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka ishirini na kitu hawezi kununa kwa sababu ya mkoromo.

Lakini mkoromo wenyewe haukuwa shida. Shida ilikuwa pale unapokatika.

Umewahi kulala kando ya mtu akaacha kupumua? Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Si kimya cha mtu aliyelala vizuri. Kifua kinataka kupanda na hakipandi. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Nikifika ishirini naanza kuomba. Nikifika thelathini namsukuma. Ndipo anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetolewa kisimani, anageuka, na mkoromo unaanza tena. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Yeye akiamka hakumbuki kitu. Anasema tu kichwa kinamuuma.

Mchana alikuwa kama mtu aliyelewa. Alilala mezani, tonge la obusuma, ugali wetu, likiwa mkononi. Alilala mazishini, mstari wa mbele kabisa. Halafu siku moja akalala kwenye usukani na kuiingiza trekta mtaroni na miwa yote. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Lakini msimamizi wake alimwambia likitokea tena, atafute kazi nyingine.

Wiki hiyohiyo ndipo nilipomwona yule mtu.

Nilikuwa nimetoka kwenda choo. Choo chetu kiko nyuma ya jikoni, na dirisha la chumba chetu linaangalia huko, kwa hiyo nilikuwa namsikia Kweyu akikoroma wakati natembea. Wakati wa kurudi mkoromo ukakatika. Nikaanza kuhesabu kama kawaida yangu, moja, mbili, tatu, na nilipozunguka kona ya jikoni nikamkuta Kweyu amesimama pale ua linapoishia na miwa inapoanza. Alikuwa na fulana yake nyeupe na kaptula ya kulalia, miguu mitupu. Nilidhani ameamka naye aende choo.

Nikamwambia, "Baba Nafula, mbona hukuvaa viatu? Umande huu wote."

Aliniangalia, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri kumbukumbu fulani imrudie. Nikamsogelea. Mwezi ulikuwa unamwangaza kifuani, na nikaona kifua hakiendi. Hakipandi, hakishuki. Niamini, nilikijua kifua kile kuliko ninavyoujua uso wangu.

Halafu dirishani, nyuma yangu, Kweyu akavuta ile pumzi yake kubwa na kuanza kukoroma.

Niligeuza kichwa mara moja tu. Niliporudisha macho, pale penye miwa hapakuwa na mtu. Hata jani halikutikisika.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilirudi ndani nikaketi kitandani, nikashika mkono wa mume wangu mpaka majogoo wakawika. Mkono ulikuwa na joto. Mguu wake niliugusa pia. Ulikuwa mkavu.

Sikumwambia mtu. Kwetu ukitaja jambo kama hilo, kabla ya jua kuzama kuna mtu ametajwa kuwa mchawi, na mara nyingi ni mjane fulani asiye na wa kumtetea. Sikutaka damu ya mtu. Nilifanya jambo ambalo mpaka leo najisifu nalo. Usiku uliofuata nilichukua simu yangu, nikaiweka kando ya mto wa Kweyu, nikarekodi. Asubuhi nikamwambia hatuendi kazini, tunaenda Kakamega mjini kumwona daktari. Alibisha sana, akasema kukoroma si ugonjwa, hata baba yake alikoroma. Nikamwambia baba yake alikufa hajafika umri wake. Akavaa shati.

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Aliweka simu sikioni akasikiliza. Alisikia mkoromo, akasikia ukikatika, na akawa anaangalia saa yake ya mkononi. Kisha akakunja uso kidogo.

"Na huyu anayetembea ni nani?" akaniuliza.

Mimi usiku ule nilikuwa kitandani. Sikuteremka hata mara moja.

Nikasema, "Ni mimi, daktari."

Hapo nilidanganya, na Mungu anisamehe, lakini nilikuwa nimekuja kumtafutia mume wangu pumzi, sikuja kutafuta majina ya wanaotembea usiku.

Alitupatia kifaa cha kuvaa usiku mmoja nyumbani, kamba kifuani na kitu kama kibanio kwenye kidole. Tuliporudisha, majibu yalionyesha Kweyu alikuwa anakatika pumzi mara nyingi kuliko nilizokuwa nahesabu mimi. Daktari alieleza vizuri. Alisema mtu wa namna hiyo akilala, nyama za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa, moyo unapigana usiku kucha, na ndiyo maana mchana anasinzia. Akasema kuna mashine ya kuwekwa kando ya kitanda. Inapuliza hewa kupitia mpira mpaka kwenye barakoa ya usoni, na hewa hiyo inaishikilia njia isijifunge. Si ya wiki moja. Ni ya kila usiku, usiku kucha. Akanigeukia mimi akasema nimemleta kwa wakati.

Jinsi tulivyoipata mashine sitaingia huko. Tuliipata. Sista Khadija, muuguzi kijana kutoka Mumias, ndiye aliyetufundisha. Alitufundisha maji ya kuweka ndani yawe yamechemshwa yakapoa. Barakoa ioshwe kila asubuhi kwa sabuni ya vyombo na ianikwe kivulini. Mikanda isikazwe sana, kidole kiweze kupita chini yake. Kweyu alikuwa anaangalia dari. Mimi nilirudia kila neno, nikafungua na kufunga kila kipande mbele ya Khadija, mpaka akasema wanafunzi wake hawajafika hapo.

Usiku wa kwanza Kweyu alikaa nayo muda mfupi sana. Akaing'oa. Alisema anahisi anazama, na kwamba amefungwa uso kama punda. Usiku wa pili aliitupa chini. Wa tatu aliniambia yeye si maiti wa kupuliziwa hewa, na akalala akinipa mgongo. Mkoromo ukaanza, ukakatika.

Na huko nje nikasikia hatua.

Si za mbwa. Za mtu asiye na viatu, taratibu, kwenye ua wetu. Kweyu akivuta pumzi, hatua zinakoma. Akikatika, zinaendelea kutoka pale zilipokomea. Usiku huo zilikuwa upande wa miwa. Usiku uliofuata zilifika jikoni. Usiku wa baada yake nilizisikia kwenye saruji ya veranda. Je, ningemwambia nini Kweyu? Kwamba wewe mwenyewe unakuja, na kila usiku unakaribia?

Siku iliyofuata nilikwenda kumsaidia mama mkwe kupukuchua mahindi. Ni mzee sana, haoni vizuri, lakini mikono yake inafanya kazi. Tulijaza debe la kwanza. Halafu akaniuliza, bila kuinua uso, "Ameanza kutembea?"

Mahindi yaliniponyoka.

Alinieleza pole pole. Marehemu mume wake, baba yake Kweyu, alikuwa hivyohivyo, mkoromo na kukatika. Na mama mkwe alizisikia hatua huko nje kwa mwezi mzima. Usiku mmoja wa mvua alisikia mlango unabishwa, na sauti ya mume wake ikamwambia, "Fungua, nanyeshewa." Alikuwa na usingizi. Hakuangalia kitandani. Alifungua. Hakuona mtu, alihisi tu baridi inampita. Aliporudi kulala akamkuta mume wake kitandani ameshakata roho, na ile pumzi ya kumshtua haikuja tena.

"Nilimfungulia mimi mwenyewe," akasema. "Miaka yote hii sijawahi kumwambia mtu."

Nilishika mikono yake yenye vumbi la mahindi, tukakaa hivyo.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Nilimpigia Khadija. Nikamwambia hii barakoa Kweyu haiwezi, nipe maarifa. Hakuchoka nami hata kidogo. Aliniuliza kama Kweyu ana ndevu. Anazo, nikasema, na anajivunia. Akasema ndevu zinatorosha hewa, ndiyo maana mashine inapiga kelele na kumpulizia machoni. Akasema pia kuna barakoa ndogo ya pua pekee, tukabadilishe. Na akasema asivae usiku tu, aanze mchana akiwa macho, akifanya kitu anachokipenda.

Kweyu anapenda mpira wa redioni. Basi Jumamosi ile nilimketisha kwenye kochi, nikamfungulia redio, nikamvalisha barakoa ya pua. Mashine inaanza na upepo mdogo halafu inapanda yenyewe taratibu. Kipindi cha kwanza alilalamika. Cha pili alisahau. Timu yake ilipofunga alisimama kushangilia akataka kuondoka na mashine nzima, nikamcheka siku mbili. Jumapili baada ya kanisa alikwenda kwa kinyozi bila kuniambia. Alirudi hana ndevu, kidevu kinang'aa kama cha mtoto wa shule, akasimama mlangoni akiona haya. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Usiku huo alilala nayo mpaka asubuhi. Mimi sikulala. Nilikaa macho nikisikiliza pumzi inavyokwenda, ndani, nje, ndani, nje, bila kukatika, na ule mvumo mdogo wa mashine kama upepo wa mbali. Huko nje hapakuwa na hatua hata moja.

Wiki ya tatu aliniambia kichwa hakiumi tena. Alianza kuimba akiendesha trekta, wenzake wakamshangaa. Msimamizi wake akamuuliza anakunywa dawa gani. Wageni wakija, Kweyu anawaingiza chumbani kuwaonyesha mashine, anaeleza mpira unapita wapi na maji yanaingia wapi, utadhani ameiunda yeye. Nilimwacha aeleze. Mwenye kuiosha kila asubuhi ni mimi, na hilo kila mtu alilijua.

Halafu ikaja ile mvua.

Mnaoishi huku mnajua radi zetu. Ilianza jioni na haikukoma. Tulilala mashine ikiwa inafanya kazi. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamka, na kilichoniamsha ni kimya. Stima ilikuwa imepotea. Ule mvumo haukuwepo, giza lilikuwa zito, mvua inapiga mabati. Kabla sijajua niko wapi, mlango wa mbele ukabishwa.

"Mama Nafula. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Kweyu. Si inayofanana naye, ni yake, na ule ukwaruzo wake wa asubuhi. Nikadhani alitoka kuangalia stima akafungiwa nje na upepo. Niliteremka kitandani nikapapasa mpaka sebuleni, nikamjibu, "Ngoja, nakuja." Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Nililihisi, chuma baridi.

Akasema, "Fanya haraka. Nanyeshewa."

Mwili wangu wote ukasimama.

Niliuondoa mkono kwenye komeo polepole, kidole kimoja kimoja. Nje ya ubao ule kulikuwa na mtu aliyesimama karibu sana. Nilisikia maji yakimdondoka kwenye saruji. Kitu kimoja sikusikia. Sikumsikia akipumua.

Akasema tena, sasa kwa upole, kama anavyoniongelesha tukiwa wawili, "Mimi si ni mume wako?"

Nilimjibu, na sauti yangu ilitoka imara. Nilisema, "Mume wangu yuko ndani. Wewe hutaingia."

Nilikimbia chumbani. Niliwasha tochi ya simu. Kweyu alikuwa chali, barakoa puani, mdomo wazi, midomo imebadilika rangi. Nilimvua barakoa, nikamwita, hakusikia. Nikapanda kitandani, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake. Mtu mkubwa, nimewaambia, na mimi ni mdogo. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilimwinua nikamketisha, mgongo wake kifuani kwangu, nikampiga mabega nikimwita kwa jina alilopewa na nyanya yake, ambalo mimi situmiagi. Huko sebuleni komeo lilikuwa linatikisika.

Kweyu akavuta pumzi. Alivuta pumzi ndefu mpaka nikahisi mbavu zake zinanisukuma nyuma.

Komeo likatulia palepale. Ikabaki mvua.

Khadija alikuwa ametufundisha kwamba stima ikipotea, mgonjwa avuliwe barakoa na alale kwa ubavu au ainuliwe na mito. Sikuamini mito usiku ule. Mimi ndiye niliyekuwa mto. Nilikaa nimemwegemeza kifuani mpaka kukapambazuka, miguu ikafa ganzi, na kila alipotaka kukatika nilimtikisa.

Asubuhi nilifungua mlango. Kwenye veranda kulikuwa na nyayo za matope, za kuja. Za kurudi hazikuwepo. Unyayo wa mguu wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Kweyu alikatwa kidole hicho na panga la miwa akiwa kijana. Nilichukua ndoo na tambara nikafuta zote kabla hajaamka.

Alikuja kunywa chai. Akazungusha kikombe, halafu akasema, "Nimeota vibaya. Niliota niko nje kwenye mvua, na wewe umekataa kunifungulia. Ulikuwa mkali sana."

"Ilikuwa ndoto tu," nikamwambia, nikamwongezea chai.

Siku hiyohiyo tulitafuta fundi akatuunganishia betri kubwa ya sola, ili stima ikipotea mashine isizime. Mchana nilishuka kwa mama mkwe nikamweleza yote, kuanzia komeo mpaka tambara. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba nimpeleke usiku aisikie hiyo mashine. Nilimleta, nikamketisha kwenye kiti kando ya kitanda. Mzee yule alikaa akisikiliza mtoto wake akipumua bila kukatika, machozi yanamtoka na hayafuti. Kisha akanitafuta kwa mkono gizani, akaniita "mayi." Kwetu neno hilo ni la mama mzazi. Mkwe haitwi hivyo. Sijapewa heshima kubwa kuliko hiyo, na sitarajii nyingine.

Tangu siku ile umepita mwaka na zaidi. Kweyu hajalala usiku hata mmoja bila mashine yake. Hata akienda kwa Nafula, binti yetu anayefundisha Likuyani, anaibeba kwenye begi lake, hakubali mtu mwingine aishike. Yule wa nje hajarudi. Lakini mimi nimebaki na alama. Mvumo ule ukibadilika hata kidogo, naamka nimeketi. Na mlango wa mbele, jua likishazama, siufungui kwa sauti tu, hata iwe ya pasta wetu. Atazunguka dirishani nimwone.

Khadija nilimweleza siku moja. Alisema mke asiyelala miezi mingi anaweza kusikia mengi. Labda. Sikubishana naye, ni mtoto mzuri, na kwa mambo ya mashine nitamshukuru mpaka kufa. Lakini daktari alisikia hatua zile kwenye simu, na yeye alikuwa amelala vizuri.

Kwa hiyo nawaambia, hasa nyinyi mnaocheka mkoromo wa waume zenu, na waume mnaocheka wa wake zenu. Sikilizeni pale unapokatika. Hesabuni. Mpelekeni mtu wenu hospitali, na akipewa mashine akaitupa chini, iokoteni, muioshe, mmvalishe tena kesho. Na ukisikia usiku mwenzako anakuita kutoka nje, usikimbilie mlango hata kama sauti ni yake na mvua ni kubwa. Nyoosha mkono kwanza, umguse aliyelala kando yako.